Kadi Juu ya Kauli ya Pili

Kabla hajasoma chochote, anafunika. Anatoa kwenye pochi kadi yake ya Yangchengtong, ile ya kupandia treni na mabasi ya Guangzhou, anailaza juu ya mstari wa mwisho wa swali ili kauli ya pili isionekane. Kisha anachonga kalamu ya risasi, ingawa ncha yake bado ni kali. Anapuliza vumbi la risasi, anaweka kichongeo kando ya chupa ya chai, na ndipo anaposoma swali kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtu anayehesabu fedha za amana.

Tuko kwenye mgahawa mdogo wa tambi katika Wilaya ya Haizhu, kusini ya Mto Zhujiang. Ng'ambo moja ya barabara ni Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, ambacho Sun Yat-sen mwenyewe alikianzisha mwaka 1924. Ng'ambo ya pili linaanza soko la vitambaa la Zhongda, lililochukua jina lake kwenye kifupi cha jina la chuo hicho. Pikipiki za umeme zinapita mlangoni zimebeba majora ya kitambaa, mengine marefu kuliko pikipiki yenyewe. Saa za chakula cha mchana zimeshapita, na mwenye mgahawa ametuachia meza ya pembeni, jirani na mwanawe anayefanya kazi za shule.

Dada huyu alifundisha hisabati sekondari mkoani Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuja China kusomea uzamivu. Jumamosi huwasaidia vijana wa Afrika Mashariki wanaojiandaa kwa mtihani wa GMAT, na hao humwita Madam, kama walivyozoea shuleni. Mwanafunzi wa leo ni binti wa kaka yangu. Huja Zhongda kununua vitambaa vya duka lao la Kariakoo, na safari hii ameamua kwamba atasoma shahada ya biashara. Mimi ni shangazi niliyefuatana naye, nimekaa mwisho wa benchi na glasi yangu ya maji ya moto, natazama.

GMAT ulianza Marekani katika miaka ya 1950, na hadi leo vyuo vya biashara vya nchi nyingi huutumia kuchuja waombaji. Ndani yake kuna aina moja ya swali ambayo sikuwahi kuiona shuleni kwetu: utoshelevu wa taarifa. Unapewa swali, kisha kauli mbili. Hutakiwi kutoa jibu la swali. Unatakiwa kusema kama kauli hizo zinatosha kulijibu. Ukichagua A, unasema ya kwanza peke yake inatosha na ya pili haitoshi. B ni kinyume chake. C, zinatosha zikiwa pamoja tu. D, kila moja inatosha peke yake. E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Tangu toleo jipya la mwishoni mwa 2023, maswali haya yako kwenye sehemu yenye maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo kipo kwenye kioo cha kompyuta. Madam hakijali kikokotoo. Kazi anayofundisha haimo ndani yake.

Swali la kwanza la alasiri ile lilikuwa jepesi, na nadhani alilichagua ili mikono ipate moto. x ni ngapi? Kauli ya kwanza: x² − 5x + 6 = 0.

Anapiga mstari wima katikati ya ukurasa wa daftari la miraba. Kushoto anaandika 1, kulia 2. Chini anaacha ukanda mtupu, upana wa vidole vitatu, kwa ajili ya kauli zote mbili kwa pamoja. Kisha, upande wa kushoto, anaandika mabano mawili ambayo ndani yake mna x tu, na nafasi iliyobaki anaiacha wazi. Chini yake anaorodhesha namba ambazo zikizidishwa huleta 6: 1 na 6, 2 na 3. Anaangalia alama. Zao ni chanya, kwa hiyo namba zote mbili ni chanya au zote ni hasi. Jumla ni hasi 5, kwa hiyo zote ni hasi. Hasi 2 na hasi 3. Anazijaza kwenye nafasi zake: (x − 2)(x − 3) = 0.

Nilidhani amemaliza. Hakumaliza. Pembeni, kwa maandishi madogo, alizidisha mabano yale tena hadi akarudi kwenye mlinganyo alioanza nao, akalinganisha kila kipande, akaweka nukta. Ndipo akaandika 2 na 3 ndani ya kisanduku. Thamani mbili, hivyo kauli ya kwanza haitoshi. Akafuta A na D kwa mkwaju mmoja mmoja.

Sasa akaisogeza kadi juu, ikafunika kauli ya kwanza, na kiganja chake cha kushoto kikafunika safu yote aliyokwisha kuiandika. "Hiyo hatujawahi kuisoma," akamwambia mwanafunzi wake. Kauli ya pili ilisema x² − x − 6 = 0. Mabano matupu tena, orodha ya jozi tena, na safari hii alama zinapishana kwa kuwa zao ni hasi: (x − 3)(x + 2) = 0. Kisanduku kikapata 3 na hasi 2. Hiyo nayo haitoshi. B ikafutwa.

Ndipo kadi ikaondolewa na kiganja kikainuka, visanduku viwili vikatazamana. Binti akaona mara moja namba iliyomo kwenye vyote viwili. "Tatu!" akasema.

"Hatujaulizwa," Madam akajibu kwa upole, akazungushia C.

Nilitafakari sana kadi ile. Mtu akishasoma kauli ya kwanza, akili huibeba kwenda nayo kwenye ya pili bila ruhusa yake. Anadhani anaipima ya pili peke yake, kumbe ya kwanza imekaa ubavuni inamnong'oneza. Madam anajua kwamba kuamua kutosikia mnong'ono huo hakutoshi. Inabidi mkono ufanye kitu, na mkono wake hufanya hivyo hata kwenye swali ambalo angeweza kulimaliza kichwani, huku akimimina chai.

Binti akauliza kwa nini asitumie kanuni ya jumla ya mlinganyo wa kipeo cha pili, ile ndefu yenye kipeuo, ambayo haihitaji kubahatisha jozi. Madam alikubali kwamba kanuni ile haikosei. Kisha akaonyesha mabano kwa ncha ya kalamu: hapa, alisema, kila bano linakuonyesha njia moja ambayo mlinganyo unaweza kuwa kweli. Unazihesabu njia, huhangaiki na kinachopatikana mwisho wake. Akamwandikia x² − 10x + 25 = 0, na binti akapata (x − 5)(x − 5). Mabano mawili, njia moja. Mlinganyo wa aina hiyo unatosha peke yake, na mwenye haraka aliyezoea kwamba kila kipeo cha pili huleta majibu mawili huuacha ukampita.

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Je, x ni namba kamili? Kauli ya kwanza: 6x² + x − 12 = 0.

Hapa alitumia njia ambayo hakuja nayo kutoka Tanga. Aliiona, alinieleza baadaye, kwenye daftari la mtoto wa mwenye mgahawa huu huu. Watoto wa China hujifunza wakiwa shule ya kati, na huiita shizi xiangcheng fa, yaani kuzidisha kwa alama ya kumi, kwa sababu kumi ya Kichina huandikwa kwa mistari miwili inayokatana: 十. Unaigawa 6 ya mwanzo kuwa namba mbili na kuziandika moja juu ya nyingine. Kulia kwake unafanya hivyo hivyo kwa hasi 12. Unazidisha kwa mshazari, pembe kwa pembe, na kujumlisha. Ukipata namba iliyo mbele ya x, basi unasoma mstari wa juu na mstari wa chini, na mabano yako ni hayo.

Akaandika 1 na 6 kushoto, 3 na hasi 4 kulia. Mshazari ulileta hasi 4 na 18, jumla 14. Hapana. Hakuifuta. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu yake ili aendelee kuiona, asije akairudia. Akaandika 2 na 3 kushoto, kisha 4 na hasi 3 kulia, lakini kabla ya kuzidisha akasita na kuinua kalamu. Mstari wa juu ungesomeka 2x + 4, na 2 inaingia kwenye vipande vyote viwili. Mlinganyo wenyewe hauna namba inayoingia kwenye vipande vyake vyote, kwa kuwa x ya katikati inasimama na 1 tu. Kwa hiyo jozi hiyo haiwezekani, na hakuna haja ya kuihesabu. Akaipigia mstari mwembamba.

Jaribio la tatu: 2 na 3 kushoto, 3 na hasi 4 kulia. Mbili mara hasi nne, hasi 8. Tatu mara tatu, 9. Jumla, 1. Akachora mistari miwili iliyokatana, polepole, ingawa hesabu ilikwisha. Akasoma: (2x + 3)(3x − 4) = 0. Akazidisha tena pembeni, akaweka nukta yake.

x basi ni hasi 3/2, au 4/3. Binti akanyoosha mkono afute A na D, maana thamani ni mbili. Madam hakumzuia kwa maneno. Alirudisha ncha ya kalamu juu, kwenye swali, akaiacha pale. Binti akasoma upya. Je, x ni namba kamili? Hasi 3/2 si namba kamili. 4/3 si namba kamili. Vyovyote iwavyo, jibu ni hapana, na hapana isiyo na shaka ni jibu kamili. Kauli ya kwanza inatosha. Ya pili, kwamba x ni ndogo kuliko 2, haikusaidia kitu. A. Niliuona uso wa binti ukibadilika, nikakumbuka ni mara ngapi maishani nimeendelea kutafuta kwa sababu tu jibu nililokwisha kulipata lilikuwa la kukataa.

Kupima kama taarifa zimetosha ni kazi ya zamani katika nchi hii. Kitabu cha kale cha hisabati cha Kichina, Sura Tisa, katika sura yake ya nane kinaanza na mashada ya nafaka ya daraja tatu: matatu ya bora, mawili ya kati na moja la chini yanatoa vipimo 39, mawili, matatu na moja yanatoa 34, moja, mawili na matatu yanatoa 26. Kila shada linatoa ngapi? Mambo matatu yasiyojulikana, kauli tatu, zinatosha. Walihesabu kwa vijiti vilivyopangwa kwa safu. Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263, alieleza kutumia vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Jina la sura hiyo, fangcheng, ndilo neno ambalo mtoto wa meza ya jirani bado analitumia kwa mlinganyo. Nasi neno letu aljebra limetoka Baghdad, kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi cha karne ya tisa. Juu ya daftari moja la miraba, kazi za mataifa mengi zilikuwa zimekaa pamoja bila kugombana.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, ni swali la tatu. x + y ni ngapi? Kauli ya kwanza: x² − y² = 3(x − y).

Safari hii kalamu ilikuwa kwa binti. Aliiona tofauti ya miraba miwili upesi, na vizuri, akaandika (x − y)(x + y) = 3(x − y). Kisha akakata x − y kushoto, akakata x − y kulia, akabaki na x + y = 3. Kauli inatosha. Alitabasamu.

Madam alinyamaza. Alimimina chai kwenye vikombe vyote vitatu na kukisogeza cha binti karibu naye. Nje, mtu alikuwa anashusha majora na kuyahesabu kwa Kikantoni. Nilikaribia kusema kitu, ingawa sikujua nini. Hatimaye akauliza, "Hapo mwanangu, umegawa kwa ngapi?"

"Kwa x toa y, Madam."

"Ambayo ni ngapi?"

Binti akafungua mdomo, akaufunga. "Sijui."

"Haya."

Hakuongeza neno. Alimpa kifutio. Binti alifuta mistari miwili ya mwisho, akabaki anaikodolea macho iliyobaki, na muda ulipita ambao kwenye mtihani ungekwisha kumezwa na swali jingine. Kisha, bila kuambiwa, akavuta kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri peke yake upande wa pili: (x − y)(x + y) − 3(x − y) = 0. Akatoa nje kilichomo kote kuwili: (x − y)(x + y − 3) = 0. Mabano mawili, njia mbili. Ama x + y ni 3, ama x na y ni namba moja, na hapo jumla yao inaweza kuwa chochote. Alipokata, alikuwa ameitupa njia nzima bila kujua kwamba ipo.

Akasogeza kadi. Kauli ya pili ilikuwa fupi: x si sawa na y. Peke yake haina kitu cha kueleza kuhusu jumla. Lakini ikiwekwa kando ya ile ya kwanza inafunga njia moja kati ya mbili, na inabaki 3. C. Kauli ambayo dakika chache zilizopita ingeonekana ya kujazia ukurasa ndiyo iliyoshika swali lote.

Marehemu bibi yangu alikuwa mshonaji, naye alikuwa na tofauti kali kati ya kukata na kufumua. Aliyekata mshono kwa mkasi alipata vipande haraka na kupoteza upindo. Aliyefumua, uzi kwa uzi, alikirudisha kitambaa chote kama kilivyotoka dukani. Nilimwona bibi yule kwenye vidole vya Madam alipomwonyesha binti, mara ya pili, jinsi ya kuvuta upande mmoja na kutoa nje kilicho cha pamoja.

Swali la mwisho alilifanya yeye mwenyewe, na nilielewa kwamba alikuwa amelihifadhi. x na y ni namba kamili chanya. x + y ni ngapi? Kauli ya kwanza: xy + x + y = 34. Ya pili, chini ya kadi: y − x = 2.

Mlinganyo mmoja, herufi mbili. Binti alisema kwa uhakika kwamba hautoshi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa hivyo, herufi mbili zataka milinganyo miwili. Madam aliuangalia mlinganyo kwa muda, kalamu imelala. Hauna mabano yanayofunguka. Kisha akaongeza 1 kila upande. Hilo tu. Kushoto pakawa xy + x + y + 1, kulia 35. Akakusanya: x mara (y + 1), na 1 mara (y + 1). Basi (x + 1)(y + 1) = 35. Kitu ambacho hakikuwa na mshono sasa kilikuwa na mshono ulionyooka, kwa sababu ya 1 iliyokosekana.

Vigawo vya 35 ni vichache: 1 na 35, 5 na 7. x ni chanya, kwa hiyo x + 1 haipungui 2, na y vivyo hivyo. Jozi ya kwanza inaondoka. Inabaki 5 na 7. x ni 4 na y ni 6, au x ni 6 na y ni 4. Hatujui ni ipi, wala hatujaulizwa. Jumla ni 10 kwa vyovyote. Kauli moja imetosha, na ya pili, ambayo ina jozi nyingi zisizo na mwisho, haitoshi peke yake. A.

Binti alitaka kuiandika njia hiyo kwenye daftari lake kama kanuni: ongeza 1, mlinganyo mmoja unatosha. Madam akamshika mkono kidogo, akachukua kifutio, akafuta 34 na kuandika 23 mahali pake. Akamsukumia karatasi, kadi na kalamu.

Binti alifunika kauli ya pili. Akachonga kalamu. Akaongeza 1 kila upande, akapata 24, akaorodhesha bila haraka: 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Akatoa moja moja kutoka kila namba na kujumlisha: 12, 9, 8. Jumla tatu tofauti. Haitoshi. Akafuta A na D. Akasogeza kadi, akaifunika ya kwanza na kiganja juu yake. Haitoshi. Akafuta B. Akainua kiganja, akatafuta kwenye orodha yake jozi ambayo tofauti yake ni 2, akaipata moja tu, 3 na 5. Aliirudia hesabu pembeni: 15, na 3, na 5, ni 23. Akaweka nukta. Akazungushia C, na hakusema jumla ni ngapi.

Madam akatia vema. Mwenye mgahawa alikwisha kuanza kupanga bakuli za jioni, kwa hiyo tulikusanya karatasi, tukashukuru, tukatoka. Kwenye kituo cha Zhongda, njia namba 8, Madam alisimama mbele ya geti akapekua pochi yote bila kuiona kadi. Ilikuwa bado mkononi mwa binti.